Gari Lipumzike: Familia za Kitengela Hadi Magadi Zinavyoweza Kusafiri Bila Kuwasha Injini Kila Siku

Kila tarehe 14 ya mwezi, jioni, nusu ya Kitengela huwa inasubiri kitu kimoja: EPRA. Mtu wa kwanza akituma picha ya bei mpya za mafuta kwenye grupu la mtaa, kelele zinaanza. Ikishuka kwa shilingi moja, watu wanacheka. Ikipanda kwa tano, kuna yule jirani atakayekimbia petroli stesheni kabla ya saa sita usiku, apange foleni nusu saa, ajaze tangi, na arudi nyumbani akiwa ameokoa mia mbili.

Hatumcheki, tunamwelewa. Wengi wetu bado tunakumbuka Oktoba 2023, lita ya petroli Nairobi ilipofika KSh 217.36. Miezi michache kabla ya hapo, tarehe 1 Julai 2023, VAT ya mafuta ilikuwa imetoka asilimia 8 hadi 16. Kisha Julai 2024 ushuru wa kutunza barabara ukapanda kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita. Baadaye bei ya pampu ilishuka, lakini simjui mtu anayepanga bajeti ya nyumba yake akitarajia kurudi ile ya kitambo.

Makala hii haikuambii uuze gari. Ukiishi Kajiado unajua kwamba kuna usiku mtoto anapata homa, kuna shamba lisilofikika kwa matatu, kuna harusi ya ndani kabisa ambako hata boda anakataa kwenda. Gari lina kazi yake. Swali letu ni hili: kati ya safari zote ambazo familia yako ilifanya kwa gari wiki iliyopita, ni ngapi zilihitaji gari kweli?

Siti tupu ndiyo ghali

Chukua familia ya kawaida ya hapa. Baba anafanya kazi katikati ya jiji, mama yuko Upper Hill, watoto wanasoma Kitengela. Kutoka hapa hadi katikati ya Nairobi ni kama kilomita 30, kwa hivyo kwenda na kurudi ni 60. Gari la sisi 1500 likikupa kilomita 10 kwa lita kwenye jamu ya Mlolongo na Mombasa Road, mshukuru fundi wako. Hizo ni lita sita kwa siku. Tuseme lita ni KSh 180: umechoma KSh 1,080. Kwa siku 22 za kazi ni KSh 23,760, na bado hujalipa maegesho, hujabadilisha oili, hujanunua tairi.

Ukipita Nairobi Expressway, ongeza. Tangu tarehe 1 Januari 2024 gari dogo hulipa KSh 500 kutoka Mlolongo hadi Westlands. Ukiitumia asubuhi na jioni ni elfu moja, yaani unakaribia kulipia mafuta mara mbili.

Sasa weka matatu. Nauli haikai mahali pamoja, na kila mtu wa Kitengela anajua kinachotokea mvua ikianza kunyesha saa kumi na moja jioni. Lakini tutumie wastani wa KSh 120 kwa safari. Mtu mmoja ni 240 kwa siku. Ukiendesha peke yako, unatumia zaidi ya mara nne ya hiyo. Mkiwa wawili ndani ya gari, ni 1,080 dhidi ya 480. Watatu, dhidi ya 720. Wanne, dhidi ya 960.

Angalia hapo kwa wanne. Gari lililojaa linakaribiana na matatu, na linakufikisha mlangoni, na hakuna mziki wa kukupasua masikio. Gari lenye mtu mmoja na siti nne tupu ndilo linalomaliza mshahara. Ndiyo maana mimi siamini ushauri wa jumla wa "acha gari, panda matatu". Kwa nyumba nyingine ushauri huo unafaa sana. Kwa nyingine, kazi ni kujaza siti.

Namba hizi ni za mfano. Toa zangu, weka zako: kilomita zako, ulaji wa gari lako, nauli ya steji yako. Itakuchukua dakika tano na kikokotoo cha simu.

Safari ndogo ndogo, zile hatuhesabu

Nairobi kila mtu anaihesabu kwa sababu inauma. Zinazoponyoka ni zile za kilomita tatu. Kwenda kuchukua mtungi wa gesi. Kurudi kuchukua maziwa yaliyosahaulika. Kumpeleka mtoto tuisheni na kumrudia baada ya saa moja. Kumpelekea fundi pesa ya misumari. Kwenda kuosha gari, na kulirudisha nyumbani kwenye vumbi lile lile. (Kitengela tunajuana.)

Safari kumi za aina hiyo kwa wiki, kila moja kilomita sita kwenda na kurudi, ni kilomita 60. Yaani ni siku nzima ya ziada ya kwenda Nairobi, kila wiki, bila wewe kufika Nairobi. Na injini baridi inayosimama na kuondoka kwenye jamu ya mjini hunywa zaidi ya ile inayokimbia barabara kuu, kwa hivyo hiyo siku ya ziada ni ghali kuliko inavyoonekana.

Hapa ndipo simu yako inaweza kukusaidia kwa njia ambayo wengi hawajaifikiria. Fungua taarifa ya miamala yako ya wiki moja iliyopita. Soma mstari mmoja mmoja na ujiulize: nilipolipa hii, mwili wangu ulikuwa wapi? Gesi, KSh fulani, Jumanne jioni. Ulikuwa dukani. Ulienda na nini? Ulikuwa na haja ya kuwa pale? Muuzaji angeweza kuituma na boda ukamlipa kwa tili ikifika? Ukimaliza wiki nzima utakuwa na orodha ya safari zako, iliyoandikwa na pesa zako mwenyewe, na haidanganyi.

Nyingi utakazokuta ni safari za kupeleka pesa. Hizi ndizo rahisi zaidi kufuta. Tokeni za stima hununuliwa ukiwa umelala (Paybill ya Kenya Power ni 888880, namba ya akaunti ni ya mita yako, isome mara mbili). Huduma za serikali ya kitaifa zilizo kwenye eCitizen hulipiwa kupitia Paybill moja, 222222. Kujisajili SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024, kunaanzia kwa *147#. Hakuna sababu ya kuwasha gari kwa lolote kati ya hayo.

Halafu kuna ile ya Jumamosi, ambayo nadhani ni ya Kajiado zaidi kuliko mahali pengine popote Kenya: kwenda kulipa vibarua kwenye ploti. Watu wengi wanaoishi Kitengela wana kajengo kanachoendelea pole pole upande wa Isinya au Kajiado mjini. Kutoka hapa hadi Isinya ni kama kilomita 25, na kila Jumamosi mtu anaendesha hadi huko kwa sababu vibarua wanataka pesa zao.

Kwenda kuona kazi ni jambo jingine. Hilo nenda, tena nenda bila kutangaza. Lakini kama unachoenda kufanya ni kugawa noti, simu inatosha. Ushauri wetu ni mmoja na tunausisitiza: lipa kila kibarua kwenye laini yake mwenyewe, usimtumie msimamizi mzigo wote akagawe. Mwambie atume video ya kazi ya wiki, akionyesha ukuta wote na siyo kona moja nzuri. Kabla ya kuweka PIN, soma jina linalotokea kwenye skrini. Ukiona jina la mtu mwingine, piga simu kwanza. Ukienda ploti mara moja kwa mwezi badala ya mara nne, umepunguza kilomita 150, na umebaki na rekodi ya kila shilingi iliyoingia kwenye hiyo nyumba.

Kubebana: zungusheni magari, msilipane

Turudi kwa siti tupu. Kwenye mtaa wowote wenye geti moja hapa Kitengela, saa kumi na moja asubuhi magari sita yanatoka yakielekea upande mmoja, kila moja na mtu mmoja. Majirani wanasalimiana kwa taa.

Watu wakiamua kubebana, jambo la kwanza wanaloniuliza, kwa kuwa wanajua ninafanya kazi kampuni ya malipo, ni jinsi ya kugawana pesa ya mafuta kwa simu. Jibu langu huwashangaza: ikiwezekana, msigawane pesa kabisa. Bima ya gari la kibinafsi kwa kawaida haimlindi mtu anayebeba abiria wa kulipa. Ajali ikitokea na ikaonekana mlikuwa mnatozana nauli, kampuni ya bima ina sababu ya kukataa dai lako. Na kubeba abiria kwa malipo bila leseni ya uchukuzi wa umma ni kosa kisheria.

Njia safi ni kuzungusha magari. Mko wanne wenye magari: wiki ya kwanza gari lako, ya pili la jirani, hadi mzunguko uishe. Kila mtu anaweka mafuta kwenye gari lake wiki yake. Hakuna anayemlipa mwenzake, na kila mmoja wenu ameendesha wiki moja tu kwa mwezi. Kwa namba zetu za juu, aliyekuwa anachoma KSh 23,760 sasa anachoma kama 6,000. Najua ni ajabu kampuni ya malipo kukuambia usilipe, lakini ndivyo ilivyo. Na kabla hamjaanza, kila mtu apigie simu kampuni yake ya bima na aulize swali hilo moja kwa moja.

Mambo mawili huvunja vikundi hivi, na pesa siyo mojawapo. La kwanza ni yule wa "nakuja dakika mbili". Kubalianeni mapema kwamba gari linaondoka saa kumi na moja na robo, na asiyefika anajua steji iko wapi. La pili ni jioni, kwa sababu asubuhi wote mnaenda pamoja lakini jioni bosi ana mipango yake. Vikundi vinavyodumu hubebana asubuhi tu, na jioni kila mtu anarudi kwa matatu. Hata hivyo mmeokoa.

Watoto

Hapa niseme polepole kidogo, kwa sababu hapa siyo pesa tu.

Wazazi wengi wanaendesha gari asubuhi kwa sababu ya shule, halafu kwa kuwa gari tayari liko barabarani, wanaendelea nalo hadi kazini. Safari ya shule ndiyo inayoburuta zote. Ukiitatua hiyo, gari linaweza kubaki nyumbani siku nzima.

Basi la manjano la shule, kama shule inalo, kwa kawaida ni rahisi kuliko unavyofikiri ukiweka mafuta na muda kwenye hesabu. Uliza njia yake na mtoto wako ni wa ngapi kuchukuliwa. Mtoto wa kwanza kwenye orodha anaamka saa kumi na nusu alfajiri, na hiyo nayo ni gharama. Wakati mwingine kuhamia steji ya pili ya basi, mita mia tano kutoka kwako, kunampa mtoto nusu saa ya usingizi.

Shule iko ndani ya kilomita moja na nusu? Watembee. Siyo peke yao. Wazazi watano wa mtaa mmoja wanaweza kupeana zamu: Jumatatu mama wa nyumba ya kwanza anapita akikusanya watoto mlango kwa mlango, Jumanne baba wa nyumba ya pili. Kila mzazi ana asubuhi moja kwa wiki. Kitu kimoja tu kinakataa mpango huu, nacho ni barabara ya Namanga. Hiyo ndiyo njia ya malori ya kwenda na kutoka Tanzania, na hayapunguzi mwendo kwa sababu mtoto amevaa yunifomu. Kama shule iko ng'ambo, lazima mtu mzima avuke nao hadi upande wa pili, kila siku, hata wakiwa darasa la sita.

Boda wa shule ni mada chungu. Sote tumeona pikipiki na watoto wanne, begi moja kwenye tangi. Sheria ya trafiki inaruhusu abiria mmoja tu, na inataka abiria avae kofia ngumu na jaketi la kuakisi mwanga. Kama huna njia nyingine, basi fanya hivi: mtoto mmoja, dereva mmoja unayemjua na anayejulikana steji, na kofia ya saizi ya mtoto ambayo umeinunua wewe. Mlipe mwenyewe, kwa simu, mwisho wa wiki. Usimpe mtoto pesa mkononi. Boda anayejua malipo yanatoka kwako na rekodi iko kwako hujibu simu haraka, na mtoto hana noti ya kunyang'anywa wala ya kumshawishi apitie kwa muuza chipsi. Usilipe muhula mzima mbele. Wiki kwa wiki ndiyo inayokupa nguvu ya kusema "hapana, leo ulibeba wawili".

Nauli kwa simu, na kwa nini ilichukua muda

Wateja wengi wadogo kwangu hawakumbuki, lakini serikali iliwahi kujaribu kuondoa noti kwenye matatu kwa lazima. Mwaka 2013 Google na Equity Bank walileta kadi ya BebaPay. Mwaka 2014 ikatolewa amri kwamba matatu zote ziache kupokea pesa taslimu, tarehe ya mwisho ikawekwa Julai, ikasogezwa, na mwishowe mpango ukafa kimya kimya. BebaPay yenyewe ilifungwa 2015.

Wenye magari walikuwa wanaupenda mpango huo, kwa sababu wangeona kila shilingi iliyoingia. Waliokuwa wanakaa na pesa siku nzima, yaani dere na makanga, hawakuupenda kwa sababu hiyo hiyo. Na abiria alikuwa anaambiwa abebe kadi nyingine, akiwa tayari ana simu mfukoni. Corona ilipofika Machi 2020, watu wakawa wanaogopa kugusa noti, na simu ikaanza kufanya kazi ambayo kadi na amri zilishindwa. Leo ukipanda matatu ya Kitengela ukasema "nalipa kwa simu", makanga anakusomea namba kabla hujamaliza sentensi.

Kuna tofauti unayopaswa kuijua. Namba anayokusomea inaweza kuwa laini yake ya kibinafsi au tili. Kutuma kwa mtu kunaweza kuwa na ada, kutegemea kiasi na mtandao wako. Kulipa kwa tili, mteja kwa kawaida halipi ada. Shilingi saba hazisikiki leo, lakini mara mbili kwa siku kwa siku 22 ni zaidi ya mia tatu. Uliza: "Mna tili?" Ikiwa hawana, mkiwa watatu wa familia moja, mtu mmoja alipie wote kwa muamala mmoja.

Lipa ukiwa umekaa. Usiitoe simu dirishani kwenye jamu ya Mlolongo, maana kuna vijana wanaoingoja hasa hiyo. Na umetuma kwa namba isiyo sahihi? Usianze kumbembeleza mwenye namba. Tumia njia ya kurudisha muamala ya mtandao wako au piga huduma kwa wateja mara moja, kabla pesa haijatolewa.

Treni, kama unaweza kuifikia

Kituo cha Syokimau kilifunguliwa Novemba 2012 na bado watu wengi wa Kitengela hawajawahi kukanyaga pale. Ukipanda matatu hadi karibu na hapo, treni ya asubuhi inakupita juu ya jamu yote hadi katikati ya jiji. Haifai kila mtu: inaenda kwa saa zake, na ukiikosa umeikosa. Inafaa mtu mwenye saa za kazi zisizobadilika.

Ile ambayo familia nyingi husahau ni Madaraka Express. Mkienda Voi au Mombasa likizoni, treni ya kaunti hadi kaunti husimama Athi River, kwa hivyo huna haja ya kwenda hadi kituo kikuu cha Nairobi ndipo urudi nyuma. Tiketi ni *639#, na malipo ni kwa simu. Ukilinganisha na kuendesha karibu kilomita 480 hadi pwani na watoto watatu wanaouliza "tumefika?", hapo hata siyo mjadala.

Ukishuka bondeni: Magadi

Yote hayo yamewaegemea watu wa Kitengela. Sasa kwa wateja wetu wa Magadi, ambao najua mmekuwa mkisoma mkitikisa kichwa. Nyinyi hamna jamu. Mna umbali.

Kutoka Nairobi hadi Magadi ni kama kilomita 110, kupitia Rongai na Kiserian, kisha Corner Baridi, kisha chini, joto likiongezeka kila kona, ukipita Olorgesailie. Matatu ni chache. Na Magadi iko Kajiado, lakini mtu wa Magadi anayetaka kufika makao makuu ya kaunti kwa lami lazima apande hadi Kiserian, akate hadi Isinya, kisha ashuke Kajiado mjini. Ni zaidi ya kilomita 130 kwenda tu. Cha kuchekesha, au labda siyo cha kuchekesha, ni kwamba reli inakata moja kwa moja. Njia ya Konza hadi Magadi ilikamilika mwaka 1915 na inapita Kajiado mjini. Lakini ilijengwa kwa ajili ya magadi yenyewe, yafike bandarini Mombasa.

Kwa hivyo Magadi hatusemi "acha gari". Tunasema gari likipanda, lisipande tupu, na lisipande kwa jambo moja. Kabla ya yeyote kwenda Kajiado kufuata huduma, aangalie kwanza eCitizen. Maombi mengi huanzia pale, na unachoendea ofisini ni alama za vidole au kuchukua kilicho tayari. Kupanda mara mbili kwa sababu hukubeba nakala ya kitambulisho ni lita ishirini na zaidi za mafuta.

Vitu vingine havihitaji mtu kabisa. Dawa ya mzee, vitabu vya muhula, spea ya pikipiki, hata kiatu cha shule: duka lililo Kiserian au Rongai linaweza kulipwa kwa simu na mzigo ukashuka na matatu. Watu wamefanya hivi miaka mingi, ila wengi wanafanya kwa imani tu. Ongezeni utaratibu kidogo. Mlipe muuzaji kwa tili, siyo kwa namba ya mfanyakazi wake. Aandike jina na namba yako juu ya mzigo, aupige picha pamoja na namba ya gari, akutumie. Nauli ya mzigo mlipe makanga ukishaupokea, na mwambie hivyo mapema ili asidhani unamkwepa. Na kwa kuwa mtandao hupotea sehemu kadhaa za barabara ile, malizeni mazungumzo yote kabla gari halijaanza kushuka bondeni.

Grupu moja la WhatsApp linatosha kuendesha haya yote. Ijumaa jioni mwenye gari anaandika: "Kesho napanda Kiserian saa kumi na moja asubuhi, nafasi tatu, narudi saa nane." Siti zinachukuliwa na majirani, zamu ya wiki ijayo ni ya gari lingine. Wasiopanda wanatuma orodha zao: unga, betri ya sola, dawa ya mifugo. Kila mmoja anamlipa muuzaji moja kwa moja kwa simu yake, na dereva hashiki pesa ya mtu. Anayefungua buti saa tisa alasiri anakuta mizigo ya nyumba saba, kila mmoja na jina lake juu.